Mamlaka, Madaraka, Uwezo na Nguvu: Neno Moja la Kiingereza na Visawe Vyake

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali hutuuliza mara kwa mara ni neno "power". Kwa sura yake ni neno jepesi. Hata mwanafunzi wa darasa la sita atajibu upesi kwamba maana yake ni "nguvu", na jibu lake halitakuwa kosa. Lakini mfasiri atakayelichukua jibu hilo na kulibandika kila mahali neno hilo linapotokea atajikuta ameandika mambo ambayo mwandishi wa awali hakuyasema, na pengine mambo ambayo sheria yenyewe hairuhusu.

Tutoe mfano mmoja. Waraka ulioletwa kwetu kukaguliwa ulihusu ukaguzi wa maduka ya vyakula. Mfasiri wa kwanza aliandika hivi: "Afisa afya atakuwa na nguvu ya kuingia katika duka lolote wakati wa saa za kazi." Mwenzake aliyepitia kazi hiyo hakuridhika, akafuta neno "nguvu" na kuandika "uwezo". Kila mmoja aliamini kuwa amefasiri sawasawa, na kila mmoja aliweza kufungua kamusi na kuonyesha kisawe chake pale pale mbele ya neno la Kiingereza. Wote wawili walikuwa na kamusi, lakini hapana hata mmoja kati yao aliyefikisha maana.

Mwenye duka akisoma sentensi ya kwanza ataelewa kwamba Bwana Afya ameruhusiwa kuvunja mlango. Akisoma ya pili ataelewa kwamba Bwana Afya ni mtu anayemudu kupita mlangoni, jambo ambalo halikuhitaji waraka. Kile ambacho mwenye duka alipaswa kuambiwa, nacho ndicho kilichokuwamo katika Kiingereza, ni kwamba sheria imempa afisa huyo haki ya kuingia, na kwamba atakayemzuia atakuwa amevunja sheria. Hilo halikusemwa na mfasiri yeyote. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kuyapambanua maneno yanayogombea nafasi hiyo, moja baada ya jingine, kisha tuone kila moja lina mpaka gani.

1. Nguvu

Neno hili ndilo pana kuliko yote, na ndiyo sababu linavamia mahali pa wenzake. Kwa asili "nguvu" ni hali iliyo ndani ya kitu au mtu, ambayo kwayo huweza kusukuma, kuinua, kustahimili au kushinda. Mtu ana nguvu za mwili. Dawa ina nguvu. Upepo unavuma kwa nguvu. Wahenga waliposema "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu" walikuwa na maana hiyo, na ndiyo sababu walitaja udhaifu kuwa kinyume chake. Hiki ni kipimo kizuri kwa mfasiri: pale ambapo kinyume cha neno ni udhaifu, aghalabu "nguvu" itafaa.

Lakini neno hili lina upande wa pili. Kufanya jambo "kwa nguvu" ni kulifanya bila hiari ya mwenzako. Methali isemayo "Mwenye nguvu mpishe" haimsifu mwenye nguvu kwa haki yake; inatushauri tusisimame njiani mwake, awe na haki au asiwe nayo. Msomaji wa Kiswahili anapokutana na neno "nguvu" katika habari za serikali, upande huu wa pili ndio unaomjia kwanza akilini. Kwa sababu hiyo tunashauri lisitumike kutaja kile ambacho afisa amepewa na sheria. Hata hivyo, sheria yenyewe yaweza kuwa na nguvu: twasema kuwa agizo fulani "lina nguvu ya sheria", yaani linafunga watu kama sheria inavyowafunga. Hapo hatumsemi mtu, bali uzito wa maandishi.

Katika uchumi neno hili limezaa istilahi iliyokubalika, nayo ni "nguvukazi", yaani watu wote wawezao kufanya kazi katika nchi. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambayo ililiingiza neno hilo katika kila mtaa, ingawa si kila aliyelisikia wakati huo alilipenda.

2. Uwezo

"Uwezo" ni jina litokanalo na kitenzi "kuweza". Hutaja jambo ambalo mtu au kitu kinaweza kulifanya, ama kwa maumbile, ama kwa elimu, ama kwa mali. Darubini ina uwezo wa kukuza vitu vidogo. Mtoto huzaliwa na uwezo wa kujifunza lugha. Mshahara usipopanda ilhali bei zinapanda, uwezo wa wananchi wa kununua bidhaa hupungua. Katika mifano yote hii Kiingereza chaweza kutumia neno lile lile tunalolijadili, na kisawe chake ni "uwezo".

Tofauti ya uwezo na nguvu yaonekana wazi katika mfano wa mzee wa mashua. Mzee huyo hana tena nguvu za kuvuta nyavu, lakini angali ana uwezo wa kuongoza chombo usiku kwa kutazama nyota. Nguvu zimemtoka; uwezo amebaki nao.

Mpaka wa neno hili ni kwamba halisemi chochote kuhusu haki. Mtu aweza kuwa na uwezo wa kufanya jambo ambalo hana ruhusa ya kulifanya. Karani anayejua kuiga saini ya mkuu wake ana uwezo wa kuidhinisha malipo, tena uwezo mkubwa. Asichokuwa nacho ni mamlaka. Anayeandika katika sheria kuwa afisa "atakuwa na uwezo" wa kutoa leseni ameacha shimo: msomaji ataelewa kuwa afisa ana ujuzi au vifaa, na ataendelea kuuliza ni nani aliyemruhusu.

3. Mamlaka

Hapa ndipo lilipo jibu la swali hilo. "Mamlaka", neno lenye asili ya Kiarabu, hutaja haki ya kuamuru, kuamua au kutenda, ambayo mtu au chombo kimepewa na sheria, na ambayo wengine wanawajibika kuiheshimu. Mamlaka hayatoki ndani ya mtu kama nguvu, wala hayapatikani kwa kujifunza kama uwezo. Hutolewa, nayo yaweza kuondolewa. Hakimu aliyestaafu jana leo ana uwezo ule ule wa kuchambua ushahidi aliokuwa nao jana, lakini hana mamlaka ya kumhukumu mtu hata siku moja.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 hulitumia neno hili kwa uangalifu. Ibara ya 4 inapogawa kazi za dola, inataja vyombo vyenye mamlaka ya utendaji, vyenye mamlaka ya utoaji haki, na vyenye mamlaka ya kutunga sheria. Ibara ya 8 inaeleza kuwa chimbuko la mamlaka yote ni wananchi. Mfasiri ajaribu kuweka "nguvu" au "uwezo" katika ibara hizo, naye ataona jinsi maana inavyopotea: wananchi kuwa chimbuko la nguvu ni habari ya misuli, bali kuwa chimbuko la mamlaka ni habari ya haki.

Yafaa tuongeze jambo moja la sarufi ambalo huwasumbua wengi. Neno "mamlaka" hutumika pia kwa maana ya chombo chenyewe kilichopewa haki hiyo, na hapo upatanisho wake hubadilika. Tukisema "mamlaka yake yote" au "mamlaka haya", tunataja haki. Tukisema "mamlaka hii imetangaza" au "mamlaka hizi zimekutana", tunataja vyombo. Ndivyo tunavyosema Mamlaka ya Mapato Tanzania, na ndivyo Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inavyozungumzia Mamlaka za Wilaya. Sentensi kama "mamlaka ya wilaya yamepunguzwa" ina maana kuwa haki za wilaya zimepungua. "Mamlaka za wilaya zimepunguzwa" ina maana kuwa idadi ya vyombo imepungua. Herufi chache zinabeba tofauti kubwa, na mfasiri asiyeziangalia ataweza kuifuta halmashauri nzima bila kukusudia.

4. Madaraka

Neno hili nalo ni la asili ya Kiarabu, na ndilo linalokaribiana mno na mamlaka, hata kuna waandishi wanaoyatumia kama neno moja. Sisi tunaona kwamba yana tofauti, na kwamba tofauti hiyo inafaa kulindwa.

"Madaraka" hubeba ndani yake maana ya wajibu na dhamana. Ni shughuli aliyokabidhiwa mtu kwa sababu ya cheo chake, pamoja na haki ya kuiamulia. Kwa hiyo madaraka hufuata cheo: mtu hupanda madaraka, hukabidhi madaraka, huvuliwa madaraka. Mkuu wa idara anaposafiri, mwenzake hukaimu madaraka yake. Na pale ambapo sheria imeruhusu, mkuu huyo aweza kukasimu baadhi ya madaraka kwa walio chini yake, naye angali anabaki na dhamana. Anayetumia cheo kwa faida yake mwenyewe hushtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka, kwa kuwa kosa lake ni kuisaliti dhamana.

Historia ya Afrika ya Mashariki inatusaidia kuuona mpaka wa neno hili. Kenya huadhimisha Siku ya Madaraka kila tarehe 1 Juni, kukumbuka siku kama hiyo mwaka 1963 nchi hiyo ilipopata serikali yake ya ndani. Uhuru kamili ulikuja tarehe 12 Desemba mwaka huo huo. Kwa miezi sita Wakenya walikuwa wamekabidhiwa dhamana ya kuendesha shughuli zao za ndani, lakini mamlaka ya mwisho juu ya nchi yalikuwa bado mikononi mwa Uingereza. Waliolichagua neno "madaraka" kwa siku ile walichagua sawasawa.

Tanzania nayo ina mfano wake. Mwaka 1972 ilianzishwa sera iliyojulikana kama Madaraka Mikoani. Watumishi wengi wa serikali walihamishiwa mikoani na wilayani wakiwa na dhamana ya kupanga na kusimamia maendeleo huko huko. Lakini katika mabadiliko hayo hayo halmashauri za wilaya, zilizokuwa na mamlaka yake kwa sheria na madiwani waliochaguliwa, zilivunjwa. Ikawa madaraka yamesogezwa karibu na mwananchi, ilhali mamlaka yamebaki katika serikali kuu. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizozirudisha mamlaka za serikali za mitaa. Asiyetofautisha maneno haya mawili hataweza kueleza kwa sentensi moja kilichotokea kati ya miaka hiyo.

5. Enzi, dola, hatamu na kudura

Yako maneno mengine ambayo mfasiri asiyasahau, kwa kuwa kila moja lina mahali pake.

"Enzi" ni utawala wenye utukufu, hasa wa wafalme. Twasema kiti cha enzi, na Mwenyezi ni Mwenye Enzi. Neno hili limepanuka likawa pia kipindi cha utawala fulani, kisha kipindi chochote kile. Kwa hiyo "enzi za ukoloni" yaweza kuwa na maana ya wakati tu.

"Dola" ni nchi kama chombo chenye mamlaka ya juu. Kiingereza kinapozungumzia mataifa makubwa yanayoshindana duniani, au nchi iliyotawala koloni, kisawe ni "dola", na wingi wake ni "madola". Jumuiya ya Madola imetupa mfano uliozoeleka. Kufasiri "madola ya kigeni" kuwa "nguvu za kigeni" ni kumfanya msomaji adhani habari ni ya majeshi au ya mizimu.

"Hatamu" ni kamba ya kumwongozea farasi au ngamia. Anayeshika hatamu ndiye anayeongoza msafara. Kwa hiyo chama kinaposhinda na kuanza kutawala, Kiswahili kina namna yake ya kusema: kimeshika hatamu za uongozi. Kwa lugha ya kawaida zaidi, kimeshika madaraka, nacho huitwa chama tawala.

"Kudura" ni uwezo wa Mungu usio na mpaka. "Jitihada haiondoi kudura," walisema wazee. Hapa wala nguvu, wala mamlaka, wala madaraka hayawezi kukaa badala yake bila kuipunguza methali.

6. Neno hili katika sayansi na hisabati

Walimu wa sayansi wana shida ya pekee, kwa kuwa katika somo lao maneno hayaruhusiwi kukopeshana maana. Katika usemi wa kila siku "nguvu" hufunika mambo matatu ambayo fizikia huyatenga. La kwanza ni msukumo au mvuto unaobadili mwendo wa kitu. Hilo huitwa "kani". La pili ni kile kinachokiwezesha kitu kufanya kazi. Hilo huitwa "nishati" katika Tanzania na "kawi" katika Kenya. La tatu ni kasi ya kutumia nishati hiyo kwa kila sekunde, nalo hupimwa kwa wati. Kwa hilo la tatu sisi tunapendekeza "nguvu" iendelee kutumika, mradi mwalimu awazoeze wanafunzi kutoiita kani wala nishati kwa jina hilo.

Tofauti hii si ya darasani tu. Taa ya wati 100 ikiwaka kwa saa 10 hutumia uniti moja ya umeme. Pasi ya wati 1,000 ikitumika kwa saa moja nayo hutumia uniti moja. Vifaa hivyo viwili vina nguvu tofauti kabisa, lakini vimetumia nishati ile ile, na mwenye nyumba atalipa sawa. Uniti anazonunua ni kipimo cha nishati. Kituo cha Kidatu kinapotajwa kuwa ni cha megawati 204, hicho ni kipimo cha nguvu, yaani kiasi cha nishati kinachoweza kutolewa kwa kila sekunde mitambo yote ikifanya kazi. Injini nazo hupimwa kwa nguvu-farasi, na nguvu-farasi moja ni kama wati 746.

Katika hisabati neno lile lile la Kiingereza hugeuka tena. Namba 2 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu hutoa 8; namba ndogo ya 3 inayoandikwa juu yake huitwa "kipeo". Mwalimu anayesema "mbili kwa nguvu ya tatu" amefasiri neno akaiacha hesabu.

7. Pale ambapo hapahitajiki kisawe chochote

Mara nyingi kosa la mfasiri ni kudhani kuwa kila neno la Kiingereza sharti lipate neno moja la Kiswahili upande wa pili. Wananchi hawasemi kuwa nguvu zimekatika; wanasema umeme umekatika, na Kenya watasema stima zimepotea. Mgonjwa aliyeshindwa kusema hatuna haja ya kusema kuwa amepoteza uwezo wa maneno, amekatika kauli. Miwani hatuisemi ina nguvu, bali ni kali. Mtu asiyeweza kushindana na tajiri husema hana ubavu naye. Na anayeonywa kuwa serikali itampata popote alipo huambiwa kuwa serikali ina mkono mrefu. Katika mifano hii yote dhana imefika salama, ingawa neno halionekani. Hiyo ndiyo tafsiri.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba maswali manne yatosha kumwongoza mfasiri katika sehemu kubwa ya kazi yake. Je, jambo linalotajwa limo ndani ya mtu au kitu, na kinyume chake ni udhaifu? Hiyo ni nguvu. Je, ni jambo ambalo mtu anamudu kulifanya, awe ameruhusiwa au la? Huo ni uwezo. Je, ni haki iliyotolewa na sheria, ambayo wengine wanapaswa kuitii? Hayo ni mamlaka. Je, ni dhamana inayofuata cheo, nayo yaweza kukabidhiwa, kukaimiwa au kukasimiwa? Hayo ni madaraka.

Tukirudi kwa Bwana Afya na mwenye duka, tafsiri tuliyoipendekeza ilikuwa hii: "Afisa afya atakuwa na mamlaka ya kuingia katika duka lolote wakati wa saa za kazi kwa ajili ya ukaguzi." Neno moja limebadilika, lakini watu wawili wamelindwa. Afisa amejua kuwa anaingia kwa idhini ya sheria, wala si kwa mabavu, na kwamba akizuiwa atafuata taratibu zilizowekwa. Mwenye duka amejua kuwa anapaswa kufungua mlango, na amejua pia kuwa ana haki ya kuuliza mamlaka hayo yanatoka katika sheria ipi.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Zamani mfasiri aliyekosea aliweza kujitetea kwamba maandishi ya Kiingereza ndiyo yenye kauli ya mwisho. Utetezi huo unazidi kudhoofika. Neno la Kiswahili atakaloliandika leo ndilo litakalosomwa mbele ya hakimu, na ndilo ambalo mwananchi atashinda au kushindwa nalo.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa sayansi na wanasheria, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, pamoja na sentensi walizokutana nazo katika kazi zao ambamo mipaka tuliyoiweka haikutosha.